Sakafu ya zege yenye mabomba ya joto inavuja? Soma hapa kabla ya kushika tindo

"Bomba limepasuka ndani ya zege." Karibu kila anayenieleza tatizo la sakafu inayopashwa kwa maji ya moto huanza na maneno hayo. Nikifika na kupima, mara nyingi nakuta bomba ni zima kabisa, ila mwenye nyumba ameshavunja marumaru tatu na ana tindo mkononi akipiga ramli pa kuvunja tena.

Kinacholala ndani ya zege kwa kawaida ni bomba la PEX, plastiki ngumu yenye upana wa milimita 16 hadi 20, lililotandazwa kwa kuzungushwa chumba kizima bila kiungio hata kimoja. Mzunguko mmoja unaweza kufika mita 100. Unaanzia kwenye manifoldi, yaani ile mihimili miwili ya ukutani ambayo mmoja hutoa maji ya moto na mwingine huyapokea yakirudi, na ni hapo hapo unapoishia. Viungio vyote, vali zote na mpira wowote wa kuzuia maji viko nje ya zege. Kwa hiyo sehemu yenye uwezekano mkubwa wa kuvuja ni ile unayoweza kuigusa ukiwa umesimama. Bomba lililozikwa likivuja, mara nyingi kuna mkono wa mtu: drili, msumari, skrubu ya kizuizi cha mlango, au kosa lililofanyika siku ya kumimina zege.

Presha inashuka, lakini hakuna maji popote

Hili ndilo tatizo ninaloletewa kuliko yote, na ndilo linalovunjisha sakafu za watu bure.

Kwanza hakikisha presha inashuka kweli. Maji yakipoa husinyaa. Geji iliyosoma baa 1.8 (baa ni kipimo cha presha) jana jioni mfumo ukiwa moto inaweza kusoma 1.3 leo asubuhi bila tone kupotea. Zima boila, acha sakafu ipoe kabisa (zege nene linaweza kumaliza siku nzima), kisha funga vali ya kujaza maji. Piga picha ya geji kwa simu. Rudi baada ya saa 24 na ulinganishe, baridi kwa baridi.

Vali hiyo ya kujaza ina sifa mbaya ambayo wengi hawaijui. Ikiwa ni ya kujiendesha, kila maji yanapopungua inaongeza mengine kimyakimya, na geji inabaki palepale ikikudanganya kwamba mambo ni shwari. Tundu dogo linaweza kulowesha udongo chini ya sakafu kwa miezi bila mtu kushtuka. Ndiyo maana ukishuku uvujaji, jambo la kwanza ni kuifunga. Ukiifunga umeweka pia kikomo cha hasara: mzunguko wa mita 100 wa bomba la milimita 16 hubeba lita kama 11 tu, na ukiutenga na mingine kwenye manifoldi hakuna zaidi ya hizo zitakazomwagika.

Presha ikiwa imeshuka kweli, anza na hewa. Mfumo uliojazwa maji siku chache zilizopita bado una hewa, na kadiri inavyotoka kwenye vitoa-hewa, presha hupungua. Ongeza maji mpaka kiwango cha kawaida, angalau baa 1 hadi 1.5 mfumo ukiwa baridi, kisha uangalie kwa siku tatu au nne. Ikitulia, hapakuwa na tatizo.

Baada ya hewa, kagua manifoldi. Zungushia kila nati kipande cha karatasi ya chooni na ukiache usiku kucha. Uvujaji mdogo hukauka kwa joto kabla haujadondoka, lakini karatasi haisahau. Angalia pia ukoko mweupe au wa kijani kwenye viungio: hapo maji yamekuwa yakitoka na kukauka kwa muda mrefu. Kaza kwa spana mbili, moja ishike mwili wa kiungio na nyingine izungushe nati. Ukitumia moja tu utalipinda bomba, na utakuwa umetengeneza uvujaji wa pili.

Kisha fika kwenye tanki la upanuzi, lile linalopokea maji yanapotanuka kwa joto. Ndani yake kuna mpira unaotenga maji na hewa. Mpira ukichanika au hewa ikiisha, utaona dalili ambayo ukishaijua huwezi kuisahau: mfumo ukipata moto geji inapaa hadi karibu baa 3, vali ya usalama inatema maji, na ukipoa geji inaporomoka karibu na sifuri. Mtu anaongeza maji, na kesho yanatemwa tena. Huo si uvujaji wa sakafu. Bonyeza kidogo sindano ya vali ya tanki, ile inayofanana na ya tairi. Yakitoka maji badala ya hewa, tanki limekufa. Isipotoka chochote, huenda linahitaji kujazwa upepo tu, ila hilo hufanyika presha ya maji ikiwa imeondolewa, la sivyo geji ya tairi itakusomea presha ya maji na si ya hewa.

Boila yenyewe inaweza kuvuja kwa ndani, hasa kwenye kibadilisha joto, yaani sehemu inayohamisha joto la moto kwenda kwenye maji, na maji yakaenda zao kwenye bomba la majitaka bila kuonekana. Hapa simama. Kufungua boila ya gesi ni kazi ya fundi mwenye leseni.

Umebaki na zege. Bado usivunje. Funga mizunguko yote kwenye manifoldi, upande wa kutoa na upande wa kurudi. Presha ikiendelea kushuka, tatizo liko upande wa boila na sakafu haina kosa. Ikitulia, fungua mzunguko mmoja mmoja, kila mmoja upewe saa kadhaa, mpaka ufike ule unaoishusha. Tahadhari moja: vile vichwa vya umeme vinavyofungua na kufunga mizunguko, na hata vipimio vya mtiririko, havikuundwa kuziba maji kwa uhakika. Ukitaka jibu lisilo na shaka, chomoa ncha mbili za mzunguko unaoushuku, uzibe moja kwa kifuniko, na nyingine uifunge pampu ya mkono yenye geji yake. Pandisha hadi baa 4. Kama bomba ni jipya, PEX hutanuka kidogo na geji itashuka ndani ya saa ya kwanza, pampu tena. Ikishuka mara ya pili na ya tatu kwa mwendo uleule, umempata mchawi wako.

Unyevu au dimbwi limeonekana juu ya sakafu

Maji yakionekana, watu huacha kufikiri. Jiulize kwanza ni maji gani. Bomba la maji ya kunywa, bomba la majitaka la bafuni na mvua inayopenya chini ya ukuta zote zinaweza kulowesha sakafu hiyohiyo. Funga bomba zote za nyumba na utazame mita ya maji ikiwa vali ya kujaza mfumo wa joto nayo imefungwa. Mita ikizunguka, uvujaji uko kwenye maji ya kawaida. Mita ikitulia na geji ya mfumo wa joto ikishuka, basi ni mabomba ya sakafu.

Kosa kubwa zaidi hapa ni kuvunja palipolowa. Maji hayana adabu ya kupanda wima. Yakitoka kwenye tundu hushuka hadi kwenye karatasi ya plastiki iliyo chini ya zege, yakatambaa juu yake, kisha yakatokea kwenye ufa au kona yoyote yenye upenyo, pengine mita mbili au tatu kutoka kwenye tundu lenyewe.

Njia ya kutafuta tundu ambayo naipenda ni kamera ya joto. Acha sakafu ipoe kabisa, kisha peleka maji ya moto kwenye mzunguko mmoja tu ulioshukiwa na utazame dakika za mwanzo. Bomba zima litajichora kama uzi mwembamba. Penye tundu uzi unapasuka na kuwa doa linalotanuka. Ukichelewa saa moja, zege lote limepata joto na picha imekuwa ukungu mtupu. Marumaru zinazong'aa nazo hudanganya, maana kamera inaweza kuona joto la mwili wako au la dirisha likiakisiwa. Sogea pembeni, na doa likisogea nawe, si la bomba.

Kama huna kamera, kuna ujanja wa zamani unaoonyesha angalau njia ya bomba: nyunyizia sakafu maji kidogo sana, kama umande, kisha washa joto. Panapokauka kwanza ndipo bomba lilipo. Haukuonyeshi tundu, lakini unakuonyesha pasipo na bomba, na hilo lina thamani yake kwa mtu mwenye drili.

Tundu dogo sana linaweza kushinda kamera. Hapo waite wataalamu wa kutafuta uvujaji. Wao huondoa maji kwenye mzunguko na kuupitishia mchanganyiko wa haidrojeni asilimia 5 na naitrojeni asilimia 95, ambao hauwaki, kisha hupita na kifaa kinachonusa haidrojeni ikipenya zege. Pia wana vipaza sauti vya kusikiliza mlio wa maji ardhini. Usijaribu kuiga njia hii kwa gesi yoyote uliyo nayo nyumbani.

Umetoboa bomba sasa hivi

Sehemu hii isome hata kama sakafu yako ni nzima.

Ikiwa ni skrubu au msumari na bado umo ndani, usiung'oe. Mara nyingi ndio unaoziba tundu. Ukiuvuta kwa hofu, unageuza unyevu kuwa chemchemi. Zima pampu na boila, nenda kwenye manifoldi, funga mzunguko wa chumba hicho pande zote mbili, kisha funga vali ya kujaza. Mizunguko mingine inaweza kuendelea kufanya kazi baadaye, nyumba haina haja ya kulala baridi.

Ikiwa ni drili na maji yanaruka, zima umeme wa chombo hicho kabla ya kitu kingine chochote, tena kwenye soketi au swichi kuu, si kwa kugusa drili iliyolowa. Kisha manifoldi. Kama mfumo umewekewa glaikoli ya kuzuia kuganda, zuia watoto na wanyama wasikaribie dimbwi: ethilini glaikoli ni sumu na ina ladha tamu, kwa hiyo mbwa huilamba.

Usifukie shimo wala usilizibe kwa silikoni. Tundu hilo ni bahati iliyojificha, maana mahali pa kuvunja panajulikana kwa sentimita. Nimeona mtu akificha tundu chini ya kigae kwa aibu. Miezi baadaye ilibidi litafutwe kwa siku mbili.

Chumba kimoja ni baridi, presha haishuki

Presha ikisimama, bomba halivuji, kwa hiyo weka tindo chini. Tazama kipimio cha mtiririko cha mzunguko huo. Kikionyesha sifuri, fungua kichwa cha umeme kilicho juu ya vali yake na ubonyeze pini kwa kidole. Pini inayokwama baada ya msimu mrefu wa kutotumika ndiyo sababu ya kawaida kabisa; ibonyeze na kuiachia mara kadhaa mpaka iruke yenyewe, wala usiivute kwa koleo. Pini ikiwa nzima, shuku hewa: funga mizunguko mingine yote na usukume maji kwa nguvu kwenye huu mmoja mpaka mapovu yaishe.

Isiposaidia, kunaweza kuwa na uchafu ndani, au bomba lilikunjika siku ya ujenzi na likazikwa hivyo. Lililokunjika halikuwahi kupasha vizuri tangu siku ya kwanza, na swali hilo ukimuuliza mwenye nyumba atalijibu papo hapo. Palipo na baridi kali, sababu nyingine ni maji kuganda. Usipandishe boila ghafla kulazimisha barafu. Pasha chumba kwa hewa taratibu, kisha pima presha, kwa sababu bomba lililoganda huenda limepasuka na barafu ndiyo inayoliziba.

Maji meusi, pampu inakwama

Kwa ufupi: oksijeni inaingia. Mabomba ya zamani yasiyo na utando wa kuzuia oksijeni huipitisha kwenye ukuta wake, na vyuma vya boila na pampu vinaoza. Hali ni hiyohiyo pale vali ya kujaza inapoingiza maji mapya kila siku kufidia uvujaji, ndiyo maana maji meusi wakati mwingine ni dalili ya pili ya tundu. Kusafisha mfumo na kuweka dawa ya kuzuia kutu kunasaidia. Dawa za kuziba uvujaji zinazomiminwa kwenye mfumo, mimi sizipendi. Hazichagui: zinaweza kuziba tundu, na zinaweza kuziba kibadilisha joto.

Lini usivunje kabisa

Kuna zege ambalo ndani yake mna nyaya za chuma zilizovutwa kwa nguvu kubwa sana. Ukikata waya mmoja, unaweza kuruka kutoka kwenye zege na kuua, na sakafu yenyewe inapoteza nguvu. Kwenye maghorofa aina hii ni ya kawaida. Kama hujui kwa hakika zege lako ni la aina gani, mwite mhandisi alipime kwa rada kwanza. Simama pia ikiwa:

- kuna nyaya za umeme au bomba la gesi kwenye zege hilohilo na hujui zinapita wapi;
- mabomba ni ya shaba nyekundu na tayari yametoboka zaidi ya sehemu moja, maana yanaoza kutokea nje na ukiziba hapa yatafunguka pale;
- sakafu imezama au ufa mmoja una kingo zisizo sawa kimo, dalili kwamba ardhi imesogea na bomba limekatwa na zege lenyewe.

Katika hali mbili za mwisho, mara nyingi ni busara zaidi kuufunga mzunguko mmoja kwenye manifoldi na kuuacha ufe. Chumba chenye mizunguko minne kinaweza kuishi na mitatu. Kama hakiwezi, kutandaza bomba jipya juu ya sakafu ya zamani huleta usumbufu mdogo kuliko kulipekua zege lote.

Kuvunja na kuunga

Toa maji kwenye mzunguko kwa kuyasukuma na kompresa kutoka kwenye manifoldi, kwa presha ndogo. Ukiruka hatua hii, maji yatachuruzika shimoni muda wote unaounga.

Chora mraba wenye upande wa sentimita 40 hivi. Kata kingo zake kwa grenda yenye maji ya kupunguza vumbi, ukivaa barakoa ya kuchuja vumbi laini, kwa sababu vumbi la zege lina silika inayoharibu mapafu. Usizidishe kina cha sentimita 2. Ramani inaweza kusema bomba liko sentimita 6 chini, lakini bomba lisilofungwa vizuri kwenye nondo huelea zege linapomiminwa, na limewahi kukutwa chini tu ya marumaru. Baada ya hapo ni tindo na nyundo ya mkono, kutoka katikati kwenda pembeni, pole pole. Mashine kubwa ya kuvunjia iache nje ya chumba. Majeraha mengi mapya ya bomba huletwa na fundi anayelitafuta jeraha la zamani.

Fukua bomba lililo zima kiasi cha sentimita 15 kila upande wa tundu ili mashine ya kubana ipate nafasi. Kata kwa mkasi wa mabomba, si msumeno, ili ncha zitoke mraba na bila unyuzi. Toa kipande kibovu, weka kipya cha aina na unene uleule, na ukiunge kwa viungio viwili. Hapa usibane matumizi. Tumia kiungio ambacho mtengenezaji wake ameandika wazi kwamba kinaruhusiwa kuzikwa kwenye zege: cha kubanwa kwa mashine, au cha kutanua bomba na kuliacha lisinyae kwa yale yanayokubali njia hiyo. Vya kusukumwa kwa mkono na vya nati vibaki mahali panapofikika, isipokuwa mtengenezaji ameruhusu vizikwe. Viungio vya shaba vifunge kwa mpira unaosinyaa kwa joto au tepu maalumu, kwa sababu zege lenye unyevu hula metali. Chembe za saruji zisiingie kwenye bomba. Zitaishia kwenye kipimio cha mtiririko, nawe utarudi kwenye dalili ya chumba baridi.

Jaza maji, toa hewa, na upandishe presha hadi kati ya baa 4 na 6, kiwango ambacho EN 1264, kanuni ya Ulaya ya sakafu za kupashwa kwa maji, inakitaka kwa kupima mizunguko ya sakafu, maadamu mtengenezaji wa bomba lako hakutaja kidogo zaidi. Mizunguko mingine na boila viwe vimetengwa, maana vali ya usalama ya boila hufunguka kwenye baa 3. Acha usiku kucha. Ziba karatasi ya plastiki iliyochanika chini, rudisha kihami joto, funga bomba kwenye wavu wa nondo kwa vifungo vya plastiki badala ya waya, kisha pima umbali wa kila kiungio kutoka kuta mbili na upige picha futi ya kupimia ikionekana. Picha hiyo ibandike ndani ya mlango wa kabati la manifoldi, anayekuja baada yako ataikuta.

Lowesha kingo za shimo, jaza zege la kurekebishia lisilosinyaa, na presha ibaki juu wakati wote wa kujaza. Ukitoboa bomba kwa mwiko au kwa nondo utaona geji ikianguka wakati zege bado ni bichi na linafukulika kwa mkono.

Usiwashe joto ili "likauke haraka." Zege la saruji linahitaji siku 21 kabla ya kupashwa, isipokuwa maelekezo ya mfuko yanasema vingine. Siku hizo zikitimia, anza na maji ya nyuzi 25 kwa siku tatu, kisha panda hadi joto la juu la mfumo wako na ukae hapo siku nne. Uso wa sakafu usipite nyuzi 29 mahali watu wanapokaa. Ukipita, kabla ya kulaumu kiraka chako kagua vali ya kuchanganya maji ya moto na ya baridi.